Kusubiri na Kutarajia Kiatu cha Kushoto

Karakana ya Viatu,
Mlango wa nyuma, chumba cha kati.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Najua barua njema huanza na salamu, na ni wewe uliyenifundisha hivyo nilipokuwa bado naandika herufi zinazodondoka nje ya mstari. Lakini nikitanguliza salamu, hili nililonalo litapata mahali pa kujificha, kisha nitafunga barua bila kulisema. Kwa hiyo nalitoa kwanza. Shangazi, mimi simtarajii tena Kaka. Namsubiri, kama sote hapa nyumbani tunavyomsubiri, lakini simtarajii. Sijamwambia Baba wala Mama. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Sasa shikamoo. U hali gani huko? Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za nyumba mnayokaa zinakunyima raha, nami tangu siku hiyo nikipanda ngazi yoyote nakukumbuka. Mzee wako amepona kile kikohozi? Na binamu zangu, bado wanagombania kitanda cha dirishani, au mkubwa ameshaona aibu akamwachia mdogo?

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, na cherehani yake nzima, maana siku hizi mmoja akiugua na mwenzake anaugua. Baba ni mzima wa mwili. Mimi pia mzima, ila situlii. Tangu nimalize shule sijui mikono yangu niiweke wapi. Nafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nakwenda mlangoni, narudi ndani, nasahau nilichokifuata. Mama anasema ninakaa kama mtu aliyekalia mwiba akaona haya kusema.

Kila anayeingia dukani ananiuliza matokeo yanatoka lini. Kabla sijafungua mdomo anajijibu mwenyewe: subiri, yatatoka. Unanijua nilivyo, sauti yangu huchelewa kutoka, kwa hiyo watu wamezoea kunijibia.

Neno hilo la kusubiri ndilo linalonikosesha utulivu. Kwenye mtihani wa Kiingereza tuliulizwa tueleze tofauti kati ya maneno mawili, "wait" na "expect", kisha tuyatungie mfano. Niliandika haraka kwamba yote mawili ni mtu kukaa akitazama mlango, nikapita kwenye swali linalofuata. Nilipovuka geti la shule tu, nikajua nimeandika upuuzi. Alama siziwazi sana. Kinachonisumbua ni kwamba niliporudi nyumbani nilikuta jibu limejaa nyumba nzima, na nilikuwa nimeishi nalo miaka miwili bila kuliona.

Mwalimu wetu aliwahi kutuambia darasani kwamba mtu anaweza kusubiri basi asilolitarajia, na anaweza kutarajia mvua bila kuisubiri. Darasa lilicheka. Nyuma yangu mmoja akanong'ona kwamba mwalimu anahitaji likizo. Mimi sikucheka, lakini pia sikuelewa. Sasa naelewa, na nitakueleza kwa viatu, maana kwa viatu utanielewa upesi.

Wewe umezaliwa katika karakana hii na huhitaji kuelezwa desturi yake. Lakini acha niieleze kama ninavyoiona mimi, unisahihishe nikikosea. Jozi mpya hapa kwetu hutengenezwa na watu wawili. Wanakaa wakitazamana, meza katikati. Anayekaa kulia anatengeneza kiatu cha kulia, naye ndiye anayetangulia. Anayekaa kushoto anatengeneza cha kushoto, akimfuata mwenzake mkono kwa mkono, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Mmoja akichoma sindano, naye anachoma. Mmoja akivuta uzi, naye anavuta. Babu alikuwa akisema kwamba mtu mmoja akitengeneza vyote viwili, cha pili hutoka na uchovu wa cha kwanza.

Mama aliniambia kwamba ulipokuwa na umri wangu uliomba kukaa kushoto, Babu akakwambia usubiri kidogo, na ukaolewa ukiwa bado unasubiri. Sijui kama ni kweli au ni utani wao. Ukitaka unijibu, usipotaka nitajua.

Babu alipofariki, Baba alihamia kulia, na Kaka akakaa kushoto. Miaka miwili iliyopita Kaka akaenda kule kwenye kiwanda kikubwa cha viatu, akasema ni miezi sita tu, ajifunze mashine kisha arudi. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na begi lake akasema, "Nisubirini." Baba akajibu, "Kigoda chako hakikaliwi na mtu." Nao wakacheka.

Baba hakuacha kupokea kazi. Alimpima kila aliyekuja, akatengeneza kiatu cha kulia, akakiweka rafuni. Cha kushoto akakiacha. Angeweza kukitengeneza, nani asiyejua, alikaa kushoto ujana wake wote. Lakini hakukigusa. Miezi sita ikapita, ikaja mingine, na rafu ikaendelea kujaa. Leo ukiingia utaona viatu vizuri ajabu, vyeusi, vya kahawia, vya kike, vya kiume, vyote vya mguu wa kulia. Mteja akija, Baba anamjibu bila kuinua macho: "Cha kulia kipo. Cha kushoto kinasubiri." Wengine wameondoka kwa hasira. Vijana wa mtaani wanatuita Duka la Mguu Mmoja, na kuna mmoja anapita kila asubuhi akirukaruka kwa mguu wa kulia mbele ya mlango wetu. Tunaishi kwa soli za kubandika, visigino na zipu za mikoba.

Sasa hapo, Shangazi, ndipo maneno yale mawili yalipojitenga mbele ya macho yangu.

Kila Jumamosi Baba anakata ngozi za viatu vya kushoto. Anazipanga, anazikunja kwenye kitambaa, anabandika jina la mteja, anaziweka upande wa Kaka. Anakinoa kisu cha Kaka. Anapitisha nta kwenye uzi wa Kaka na kuukunja upya. Hilo si kusubiri. Hiyo ndiyo "expect", yaani kutarajia. Anayetarajia mikono yake ina kazi. Anaona mbele kitu ambacho bado hakijafika, na anakitayarishia njia.

Mama naye mwanzoni alikuwa akibadilisha shuka za kitanda cha Kaka kila wiki. Baadaye akaweka mto mmoja wa ziada juu yake. Kisha vitambaa vya wateja wake. Siku hizi kitanda hakionekani. Nikimuuliza, anasema, "Akija tutaviondoa." Anamtaja Kaka kila siku, simu ikilia anashtuka kabla yangu, lakini kitandani haondoi kitu. Hiyo ni "wait". Ni kusubiri. Mama anasubiri kwa masikio, na moyo ameshauweka mahali pengine ili usiumie. Sijawahi kumwambia kwamba nimeliona hilo.

Nimegundua na jambo jingine. "Wait" unaweza kumwamrisha mtu, kama sisi tunavyosema subiri, ngoja. Hata mtoto anaamrishwa. Lakini huwezi kusimama mbele ya mtu ukamwambia tarajia! Haliamrishwi. Linatoka lenyewe ndani, au halitoki. Kaka alituamuru tumsubiri, na tumetii. Hakutuambia tumtarajie, na hata angetuambia, lisingekuwa mikononi mwetu.

Tena Waingereza wakitumia "wait" kwa mtu, wanatia kijineno "for" katikati, kama sisi tunavyotia gundi kati ya ngozi na soli. "Expect" haina gundi. Inamshika mtu moja kwa moja. Ndiyo maana, nadhani, mwalimu akitaka mwanafunzi afanye vizuri husema anamtarajia, na mwanafunzi hulala na uzito huo kifuani. Kusubiriwa hakuna uzito. Kutarajiwa kunao. Nikaanza kumhurumia Kaka, aliyebebeshwa rafu nzima ya viatu akiwa mbali. Kisha nikajihurumia mimi, kwa sababu mimi sikubebeshwa chochote. Nimekaa dukani humu tangu nijue kutembea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitarajia. Mimi huambiwa subiri.

Utauliza nilijuaje kwamba Kaka harudi. Hakusema. Alipiga simu mwezi wa sita mwaka huu, Mama alikuwa sokoni, Baba akaongea naye kidogo kisha akanipa. Zamani Kaka alikuwa akiuliza habari za ngozi, nani ameleta kazi, kisu kimenolewa? Siku hiyo aliuliza afya zetu tu, kama mgeni mwenye adabu. Tulipokuwa tunaagana, kelele zikawa nyingi upande wake, akaniambia, "Sikusikii vizuri, niko barabarani. Ngoja nifike nyumbani nitakupigia." Nyumbani, Shangazi. Alisema hivyo kwa urahisi, kama mtu anayesema jina lake. Nilibaki na simu mkononi. Baba akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia amesema atapiga tena. Nayo ni kweli, alipiga.

Basi tangu siku hiyo nikawa situlii. Nikitazama rafu naona miguu ya kushoto ya watu wote wa mji huu imesimama nje ikiningoja.

Kuna mteja wetu mmoja, mkunga wa zahanati iliyo nyuma ya soko. Ni mama mnene, mcheshi, anayesimama kutwa kwenye sakafu ya saruji, na mguu wake wa kushoto una kifundo kilichovimba kwenye mzizi wa kidole gumba. Viatu vya dukani havimwingii. Anavaa kandambili kazini, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Aliagiza viatu kwetu mara tu baada ya Kaka kuondoka, na kila wiki anapita. Ananiita Sauti, kwa sababu sina.

Mwezi uliopita mkunga alikuja wakati Baba amekwenda kwa wauza ngozi. Akaketi kwenye benchi, akavua kandambili, akapumua.

"Haya Sauti, mguu wangu umefika wapi?"

Nikamjibu kama Baba, kwamba cha kulia kipo, cha kushoto kinasubiri.

"Kinasubiri, au kinatarajiwa?" akaniuliza. Nilishtuka kama mtu aliyechunguliwa dirishani. Akacheka. "Usinitazame hivyo. Kazi yangu mimi ni watu wanaotarajia. Anayetarajia nikimwona tu namjua. Nguo za mtoto zimefuliwa, ndoo iko tayari, mume ameshaongea na mwenye gari. Anayesubiri tu anakuja mikono mitupu, ananitumbulia macho kama vile mimi ndiye niliyempa mimba."

Nilicheka mpaka nikaziba mdomo.

"Ee, kumbe una meno," akasema. Kisha akaukanda mguu wake. "Na wewe, mwanangu? Shule umemaliza. Wewe unatarajia nini?"

Shangazi, nimeulizwa maswali mengi tangu nimalize shule, na hilo halikuwa mojawapo. Nikasikia mdomo wangu unasema, kwa sauti ndogo lakini inayosikika, "Kiatu chako."

Hakunielewa, au alinielewa akajifanya hakunielewa. Alivaa kandambili zake akaenda.

Ijumaa Baba huenda kuchukua ngozi na hurudi jioni. Ijumaa iliyofuata nilikaa mezani. Sikukaa kwenye kigoda cha Kaka, nilivuta kile kiboksi cha gundi nikakiweka kando yake. Nilifungua kitambaa chenye jina la mkunga, nikatoa ngozi Baba alizokwisha kukata, nikachukua ule mguu wa mbao wa kipimo chake, nikaanza. Mikono ilijua njia. Unajua kwa nini? Kaunta ninayokaa kupokea wateja inatazamana na kiti cha Baba. Miaka yote hiyo nikitazama mikono yake nilikuwa nikiifuata kwa yangu chini ya kaunta, kama wanavyofanya watoto wakicheza. Yake ya kulia, yangu ya kushoto. Nilikuwa nimejifunza kiatu cha kushoto bila kujua kwamba ninajifunza.

Mama aliingia kuchukua mkasi akanikuta. Alisimama. Akatazama ngozi, akanitazama mimi, akatazama kigoda kitupu. Nikafikiri atasema kitu. Alichukua mkasi akatoka, na baada ya muda nikasikia ameanza kushona mfululizo, bila kupumzika, cherehani ikinguruma ili nyundo yangu isisikike mtaani.

Nilimaliza Ijumaa ya tatu, yaani ile ya tarehe tano. Kiatu si kizuri kama vya Baba. Mshono mmoja umelala upande. Lakini ni kiatu. Nilikipaka rangi, nikakiweka rafuni kando ya mwenzake, nikarudi nyuma kutazama jozi moja kamili kati ya vile vyote vya upweke. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Baba. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, kwa utaratibu.

Baba aliingia na bunda la ngozi begani. Macho yake yalikwenda rafuni moja kwa moja. Bunda likaanguka.

"Amekuja lini?" akasema.

Uso wake, Shangazi, sijapata kuuona vile. Ulikuwa uso wa kijana. Akapita mbele yangu, akafungua mlango wa uani, akaita, "Mwanangu! Uko wapi wewe?" Akaingia chumba cha Kaka, nikasikia vitambaa vya Mama vinaporomoka kitandani. Mama alisimama mlangoni na mkanda wa kupimia shingoni.

Mimi ndiye niliyepaswa kusema. Nilisema, "Ni mimi, Baba." Hakusikia. Alikuwa bado anazunguka. Nikasema tena, kwa nguvu, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka: "Baba, ni mimi. Nimekitengeneza mimi. Hajaja."

Akasimama. Alitazama mikono yangu, vidole viwili vilikuwa vimekatwa na uzi. Akarudi dukani polepole, akakitoa kiatu rafuni, akakigeuza, akapitisha dole gumba juu ya ule mshono uliolala. Kisha akakifunika kwa kitambaa, akakiweka chini ya meza, akaenda kuokota ngozi zake. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Siku zilizofuata hatukuzungumza. Chakula kiliwekwa, kikaliwa. Jumamosi hakukata ngozi za kushoto, ikawa mara ya kwanza. Nilikuwa nataka kumwomba radhi, na kila nilipotaka kuanza nilijiuliza radhi ya nini. Ya kutengeneza kiatu? Ya kumfanya aamini kwa dakika moja kwamba mwanawe amerudi? Au ya kumlazimisha aone kwamba hajarudi? Sikujua ipi. Niliosha rafu nzima, kiatu kwa kiatu. Mama akanipokonya ndoo akasema, "Kaa chini hata kidogo, mtoto wewe, unanitia kizunguzungu."

Jumatano mkunga akaja. Baba alikuwepo. Kabla hajatoa jibu lake la siku zote, aliinama chini ya meza, akatoa kitambaa, akamwekea miguuni jozi nzima. Mkunga alitazama viatu, akanitazama mimi, hakutania. Alivaa cha kulia. Kikaingia kama mkono kwenye mfuko. Alivaa cha kushoto, akauma mdomo.

"Kinabana hapa kwenye kifundo."

"Nilikupima mwenyewe," Baba akasema.

"Ulinipima mwaka juzi, fundi. Mguu wangu haukukaa kitako kumngoja mwanao. Umeendelea na maisha yake."

Nilitamani sakafu inimeze, maana nilifanya kazi yote ile juu ya kipimo cha zamani na sikufikiria hata mara moja kuupima mguu upya. Hakuna fundi mwingine ambaye angefanya kosa hilo. Ni sisi tu, watu wa nyumba hii, tuliodhani miguu ya watu imesimama tangu siku aliyoondoka Kaka.

Baba alipiga magoti. Akaushika mguu wa kushoto wa mkunga kwa mikono miwili, akaushika muda mrefu, kama anayesikiliza mapigo. Kisha akaomba tepu. Mimi ndiye niliyempa, na yeye akasoma vipimo kwa sauti, nami nikaviandika. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Ijumaa: namba.

Mkunga alipokuwa akitoka alinigusa bega. "Kinabana, lakini kimeshonwa," akaniambia. "Wengine wanazaa kwa shida zaidi."

Sasa nifike jana. Asubuhi Baba alikata ngozi mpya za mkunga, za kulia na za kushoto, kwa sababu jozi huanzwa pamoja na hakutaka kuoanisha kipya na cha zamani. Mimi nilisimama kwenye mlango wa uani nikingojea atasema nini, mguu mmoja ndani ya duka, mwingine uani. Akazipanga mezani. Akasimama katikati, kati ya viti viwili, muda mrefu mpaka mteja aliyekuja na zipu akaona asubiri nje.

Kisha akazunguka meza akakaa kushoto. Kwenye kigoda cha Kaka. Ni kifupi kuliko kiti chake, magoti yalimpanda karibu na kifua. Alikisukuma nyuma, akakivuta mbele, akatafuta mahali pa miguu. Halafu akanionyesha kiti chake kwa kidevu.

"Kaa."

"Baba, mimi nimejifunza cha kushoto."

"Najua. Nimekiona." Akachukua sindano. "Kaa. Cha kulia ndicho kinachotangulia. Mimi nitakufuata. Usiende haraka, sijashika upande huu tangu enzi za babu yako."

Nikakaa. Kiti chake ni kipana, kimeshika umbo lake, nilijiona nimezama. Sikujua nianzie wapi, maana kila nilichokijua kilikuwa upande wa pili. Nikamtazama usoni nione kama anamaanisha. Alikuwa anatazama mikono yangu, anangoja. Yeye, Baba, anaingoja mikono yangu.

Nilichoma, naye akachoma. Nilivuta, naye akavuta. Mama alisimamisha cherehani. Tulikwenda hivyo mpaka kwenye kona ya kidole, ile iliyonishinda mara ya kwanza, na ikanishinda tena. Nilivuta uzi mno, ngozi ikakunjamana. Nikajua ameona. Nikauchomoa mshono. Nilipoinua macho, naye alikuwa anauchomoa wake, ingawa wake haukuwa na kosa.

Shangazi, sijui kama Baba ameacha kumtarajia Kaka. Labda amekaa pale ili pasikaliwe na mtu mwingine. Nimeshindwa kujua, na kwenye mtihani ningeshindwa kueleza. Ninachojua ni kwamba kesho asubuhi anatarajia nianze kabla yake, na usiku wa kuamkia leo sikulala vizuri, kifua kimekuwa kizito. Lakini ni uzito ninaoutaka.

Mama anakusalimu sana, na anasema kitambaa ulichomtumia amekishona tayari, atakituma akipata mtu wa kuaminika. Mkunga hakujui lakini aliposikia naandika barua alisema nikusalimu wewe na goti lako. Wasalimie binamu zangu wote wawili, mkubwa na mdogo, na Mzee wako umwambie anywe maji ya moto. Mungu awape afya, akulinde kwenye hizo ngazi, na akuletee watu wema mlangoni.

Nakuomba kitu kimoja. Kaka hukupigia simu mara nyingi kuliko anavyotupigia sisi, najua, na sioni vibaya. Akipiga, mpe salamu zangu, mwambie tu wazima, mwambie kisu chake kimenolewa. Lakini nililokuandikia pale juu kabisa, la kwamba simtarajii, usimwambie, wala usimwambie Baba, wala Mama anayelijua bila kuambiwa. Kaka akisikia kwamba hata mmoja wetu ameacha, huenda akaona ameruhusiwa kubaki huko. Liache libaki kwako, Shangazi, hata ukiniandikia usilitaje, maana barua zako hapa husomwa kwa sauti.

Wako akupendaye, aliyeketi kwa shida mpaka mstari huu,

Mtoto wa kaka yako